Ukuta Nilioujenga Kwenye Seli ya Mnyama

Mwalimu wa baiolojia alikuja kwangu Matogoro mwishoni mwa masika, suruali ameikunja mpaka karibu na magoti kwa ajili ya tope, akaniomba udongo.

Nilikuwa uani nasaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, maana unga wa vigae ndio unaochanganywa kwenye udongo mbichi ili chungu kisipasuke motoni. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nikiwa mwali. Shule niliishia darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kufinyanga hakuna aliyenitoa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Mimi ndiye mwalimu wa mjukuu wako. Kwetu Iringa."

"Iringa kwa Wahehe?"

"Hukohuko."

"Basi umefika kwa wababe wako. Babu zako tuliwafukuza mpaka wakasahau vyungu motoni."

Hakusita hata kidogo. "Hatukusahau, Bibi. Tuliwaachia makusudi, ili Wangoni nanyi mjifunze kupika."

Nilicheka mpaka jiwe la kusagia likaniponyoka. Kwetu Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walichinjana, wakachoka, na kilichobaki ni matusi ya kuchekana. Mtani akikutukana kwenye msiba wa mumeo, unacheka. Akiingia bandani kwako akatoka na kuku, unacheka. Ukinuna, wewe ndiye uliyevunja mila, siyo yeye. Nimekulia humo na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka mwaka ule.

Akanieleza shida yake. Shule haina mifano ya kufundishia. Kuna picha moja ukutani, imefifia, na watoto zaidi ya sitini wanaigombania kwa macho. Anataka wafanye kwa mikono yao seli ya mmea na seli ya mnyama, waishike, waielewe. Mjukuu wangu amemwambia bibi yake ni mfinyanzi.

"Seli ndiyo mdudu gani?" nikamuuliza.

"Siyo mdudu, Bibi. Ni kipande kidogo kabisa chenye uhai. Wewe umejengwa kwa seli. Kuku wako pia, na ule mgomba pale."

"Mimi nilijengwa na baba na mama."

"Nao walijengwa kwa seli."

"Haya. Udongo utapata, lakini nitaukanda mimi. Nyie watu wa Iringa mtaharibu."

Mjukuu wangu huyo ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu yuko Namtumbo na mumewe, wanalima tumbaku, na msimu wa tumbaku mtoto wa shule anageuka kibarua asubuhi na jioni. Nikasema hapana, huyu nileteeni mimi. Alikuja akiwa darasa la tano. Mwaka uliofuata nikapata kidonda kwenye muundi wa mguu, kibaya, kinanuka mpaka mimi mwenyewe nikijigeuza naziba pua. Nilikwenda zahanati mara moja, muuguzi akanisafisha, mtoto akiwa amesimama pembeni anaangalia. Tangu siku ile sikurudi. Alinisafisha mtoto huyu, kila siku kabla ya shule, maji ya chumvi yaliyochemshwa, kitambaa kilichofuliwa na kuanikwa juani. Hakunikunjia uso hata siku moja. Kidonda kikafunga. Ndipo akasema anataka kuwa muuguzi, na mimi nikaanza kulisema neno hilo kwa majirani kama vile tayari ameshavaa nguo nyeupe.

Nilikwenda shuleni na ndoo mbili za udongo juu ya baiskeli ya jirani. Wakanipa nafasi nyuma ya jengo la maabara, kidato cha pili wote wamenizunguka. Watoto wa mjini wale, wengine wa mtaa wa Mfaranyaki, baba zao wana maduka, wanaushika udongo kwa ncha za vidole kama wameshika kinyesi cha bata.

"Ingiza mkono wote!" nikawaambia. "Huo udongo haung'ati. Toa kijiwe, toa mzizi. Kijiwe kimoja kinatosha kupasua kazi ya siku nne."

"Bibi, unanuka," akasema mmoja.

"Hata wewe ulipozaliwa ulinuka, na tulikubeba."

Wakaangua kicheko, na baada ya hapo mikono ikaingia.

Mwalimu akachora ubaoni. Mimi nikasimama nyuma nikifuata, kwa sababu nilikuwa nimeshaingiwa na hamu. Seli ya mmea ni kama sanduku. Ina ukuta nje, mgumu, na nyuma ya ukuta kuna utando mwembamba. Ndani kuna kiini, kuna kifuko kikubwa cha maji, na kuna vitu vya kijani vinavyoutengenezea mmea chakula kutokana na jua. Seli ya mnyama ni ya mviringo, laini, inabonyea. Nayo ina kiini na ina vile vya kutoa nguvu, vina umbo la maharage. Lakini ukuta haina. Ina utando tu.

"Andikeni," akasema mwalimu. "Seli ya mnyama haina ukuta. Hapo ndipo mnapokosea kila mtihani."

Nilisikia. Nisije nikajitetea hapa kwamba sikusikia. Nilisikia kwa masikio yangu yote mawili, nikiwa nimesimama, macho makavu.

Nilimwona pia mjukuu wangu siku ile. Wenzake wanafinya mabonge, yeye anavuta udongo. Kiini alikiviringisha kwenye kiganja mpaka kikawa hakina mstari. Mwalimu alipopita akasimama kwake muda mrefu kuliko kwa wengine. Nikajivuna pale nyuma ya maabara kama jogoo, sifichi.

Sasa, jambo lenyewe lilikuwa hili. Watoto wakimaliza kidato cha pili wanagawanywa. Wengine wanakwenda mchepuo wa sayansi, wanasoma fizikia na kemia. Wengine wanakwenda sanaa. Baiolojia wote wanasoma, lakini uuguzi bila kemia hawakuchukui, mlango umefungwa hapohapo. Na maabara ya kemia ya shule ile ni ndogo, hawawezi kumwingiza kila anayetaka. Yule mwalimu wetu ndiye aliyekuwa akisimamia taaluma, kalamu ya kugawanya iko mkononi mwake. Nafasi moja ilibaki na wasichana wawili walikuwa wanalingana, maksi zao za kemia si nzuri sana, si mbaya sana. Mjukuu wangu na binti wa mwenye duka mmoja wa Mfaranyaki.

Mwalimu akawaita wote wawili. Akawaambia kutakuwa na maonesho shuleni, wazazi watakuja na mgeni kutoka ofisi ya elimu. Kila mmoja alete seli zake mbili, aeleze mbele ya mgeni. Atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayeingia sayansi.

Mtoto alirudi nyumbani akanieleza. Nikamwambia, "Umeshaingia. Huyo mwenzako ana nini, ana duka. Wewe una udongo na una mimi."

Tulianza kwa seli ya mmea. Sanduku lilisimama vizuri, kona zake nne, ukuta wa kidole kimoja unene, utando ndani yake. Vile vya kijani akavifinya vidogo kama mbegu za papai. Nilimwonyesha namna ya kukwaruza na kulowesha kabla ya kubandika ili visibanduke, basi. Kazi nyingine yote ilikuwa yake.

Seli ya mnyama akaifanya kama sahani yenye kina, nusu ya seli iliyokatwa, ndani imejaa vitu vyake. Ukingo akauvuta mwembamba mno, kama ganda la kitunguu.

"Hautakaa," nikamwambia.

"Ndiyo utando wenyewe, Bibi. Unatakiwa uwe hivyo."

"Motoni utapasuka."

"Ukikauka polepole hautapasuka. Umenifundisha mwenyewe."

Ilikuwa wiki ya likizo fupi na ilimbidi aende Namtumbo kumwona mama yake. Asubuhi anaondoka, bodaboda ya kumpeleka stendi inamngoja barabarani, akarudi mbio mpaka mlangoni. "Bibi, ifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Usiitoe juani. Ikishakauka uichome pamoja na vyungu vyako. Na ukingo usiuguse. Tafadhali Bibi, ukingo usiuguse."

"Nenda, gari litakuacha. Unanifundisha mimi udongo?"

Siku ya kwanza sikuugusa. Siku ya pili nilifunua kitambaa nikaona ukingo umelala kidogo upande mmoja. Pengine ulikuwa umelala tangu mwanzo, sijui. Nikaupitisha kidole. Mwembamba! Nitawaambia kitu ambacho asiyefinyanga hawezi kukijua. Sisi tunahukumiwa kwa mdomo wa chungu. Unakaa sokoni na vyungu vyako, mwanamke anakuja, hatazami tumbo, hatazami rangi. Anaupiga mdomo kwa ukucha. Ukimeguka, anaondoka anacheka, na wenzako mliokaa mstari mmoja wanacheka. Ilinitokea nikiwa mwali na nikaapa haitanitokea tena. Vyungu vyangu vina mdomo mnene, na watu wa Matogoro wanavijua kwa huo mdomo hata ukivikuta jalalani.

Nikaiona kichwani sahani ile imewekwa mezani mbele ya mgeni wa ofisi ya elimu, na wazazi wa Mfaranyaki, na mtu anauliza udongo huu umetoka kwa nani. Ukingo unameguka. Wanacheka.

Nikaviringisha kamba ya udongo, nene kama kidole gumba. Nikakwaruza, nikalowesha, nikaizungusha nje ya ukingo wote, nikaikandamiza. Nikaipitishia gunzi mpaka ikawa laini. Halafu, Mungu anisamehe, nikaitia nakshi za ukucha kuizunguka yote, zile ninazoweka kwenye mitungi ya maji. Ikapendeza. Nilikaa nikaitazama nikaona kweli sasa ni kitu cha kupeleka mbele za watu.

Ule ubao na yale maneno ya mwalimu havikunijia kichwani hata kidogo. Au vilikuja nikavifukuza. Nikijichunguza vizuri naona nilivifukuza. Nilijiambia mwalimu anajua vitabu, udongo naujua mimi.

Alirudi Jumapili. Maonesho yalikuwa Jumanne. Mimi nilikuwa nimeshachoma, nimezitoa majivuni, nimezipangusa, nimeziweka juu ya kigoda zinamngoja. Akaitazama ile ya mmea, akatabasamu. Akaitazama ile ya mnyama. Tabasamu lilibaki usoni lakini halikuwa tena la kwake.

"Bibi, umeuongezea."

"Nimeukazia. Ungepasuka."

"Umeweka ukuta."

"Siyo ukuta, ni mdomo. Gonga uone. Gonga!"

Hakugonga. Alikaa chini akaishika mapajani muda mrefu, akiuzungusha ule mdomo kwa kidole. Mimi nikadhani anausifu. Kutengeneza nyingine isingewezekana, udongo unataka siku zake, na kuukata uliokwisha kuungua ni kuivunja yote. Hakunilaumu. Alikwenda akaazima rangi kwa mwenzake. Utando wake mwembamba, ule wa ndani, akaupaka njano inayowaka. Mdomo wangu akaupaka rangi ya kahawia ya meza, pamoja na nakshi zake zote, mpaka ukapotea. Nikamuuliza mbona anaficha nakshi. Akasema, "Hii nitasema ni kibebeo, Bibi. Kitu cha kushikia tu."

Hapo ndipo alipokuwa ameshaokoa kila kitu. Ningenyamaza tu.

Jumanne nilivaa kitenge kipya, nikafunga kilemba, nikaenda kwa miguu nisije nikachafuliwa na bodaboda. Ukumbini meza zilipangwa, watoto wamesimama nyuma ya kazi zao na fimbo ndogo za kuonyeshea. Binti wa mwenye duka alikuwa ametumia vipande vya godoro amevikata na kuvipaka rangi, na shanga, na nyuzi. Nilizitazama nikasema moyoni, hili nalo godoro. Lakini lilikuwa sahihi kila kitu, na nasema hivyo leo kwa sababu ni kweli.

Mgeni alikuwa mwanamume mnene, mpole, miwani imening'inia kifuani. Akafika kwa mjukuu wangu. Mtoto akaeleza seli ya mmea kwa Kiingereza, hakukwama hata mara moja, fimbo inakwenda palepale anapotaja. Sikuelewa neno lakini nililia machozi. Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akageukia ya mnyama. Akavaa miwani. Akaweka kidole juu ya mdomo wangu.

Akauliza kwa Kiswahili, "Na hiki cha nje ni nini?"

"Ni kibebeo tu, mheshimiwa," akasema mtoto. "Seli yenyewe inaishia hapa kwenye utando, hapa kwenye njano."

"Aa, sawa. Kibebeo." Akaanza kuondoa kidole.

Nami nilikuwa nyuma ya bega la mgeni. Niliona kazi yangu inaitwa kibebeo mbele ya watu. Mdomo ulionilisha miaka yote hiyo, kibebeo! Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Kibebeo gani, baba? Huo ni ukuta! Nimeuweka mimi mwenyewe, mimi bibi yake. Gonga, hauvunjiki!"

Ukumbi ukanyamaza. Mgeni akageuka akanitazama, akamtazama mtoto, akaitazama sahani. Na mtani wangu, mwalimu wa Iringa, akapiga makofi mara moja akapaza sauti.

"Jamani Wangoni! Hata seli ya mnyama wanaijengea boma la vita! Bibi, ulidhani Wahehe tunarudi?"

Watu waliangua kicheko. Wazazi, walimu, watoto, mgeni akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mtani amenirushia. Mtani hajibiwi kwa kimya. Tangu nazaliwa nimefundishwa hivyo, na mwili unajibu kabla ya akili. Nikaweka mikono kiunoni.

"Mkirudi mtakuta nimewafinyangia na jeneza!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kilemba kikanilegea, mama mmoja akanigonga begani akisema bibi we ni noma. Halafu nikamwona mjukuu wangu. Amesimama nyuma ya meza, fimbo ameishusha, ananitazama mimi. Si mgeni, si mwalimu. Mimi, na mdomo wangu uliokuwa bado wazi kwa kicheko.

Wiki ya mwisho ya muhula majina yakabandikwa. Binti wa mwenye duka sayansi. Mjukuu wangu sanaa. Alikuja akaniambia akiwa amesimama, hajatua hata begi, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba wa mbali. Kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu. Nilimkuta ofisini anasahihisha madaftari. Seli zetu zote mbili zilikuwa juu ya kabati lake.

"Karibu mtani wangu! Umeniletea jeneza?"

"Leo sikuja kwa utani, mwalimu. Nimekuja kama mzazi."

Akaweka kalamu chini.

"Ule ukuta niliuweka mimi," nikasema. "Mtoto alinikataza. Alisema usiuguse, nikaugusa. Anajua kabisa kwamba seli ya mnyama haina ukuta. Usimhukumu kwa mkono wangu."

Aliinua macho akazitazama seli juu ya kabati. Halafu akasema polepole, kama anamweleza mtoto, "Bibi, hilo ndilo lililonifunga. Mgeni aliniuliza, kama ukuta aliweka bibi, na seli nyingine nani aliifanya? Ningemjibu nini? Wewe mwenyewe ulisimama ukasema umeweka wewe. Yule mwingine wazazi wake hawakutia mkono."

"Ya mmea ni ya mtoto! Yote ni ya mtoto! Nilimwonyesha kukwaruza tu, kama nilivyowaonyesha wote nyuma ya maabara."

"Nakuamini. Lakini orodha imeshapelekwa."

"Na wewe ulichekesha watu."

Hapo akainamisha macho. "Nilitaka kukuokoa na aibu, Bibi. Ukumbi ulikuwa umenyamaza. Nikaona bora wacheke."

Nimelitafuta jibu la maneno hayo tangu siku ile na sijalipata. Pengine alisema kweli, pengine aliona njia rahisi ya kumaliza jambo lake. Mtani ukimlaumu unaonekana hujui mila. Niliondoka bila kuaga, na hiyo kwetu ni tusi kubwa kuliko yote niliyowahi kumtukana kwa mzaha.

Nyumbani nikamweleza mtoto kwamba nimekwenda. Nilidhani nitamfariji. Alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza fungu lote.

"Nani alikutuma, Bibi?"

"Nimekwenda mwenyewe. Nimemwambia ukweli."

"Ukweli ulimwambia siku ile." Akaosha mikono. "Ukuta ningekusamehe. Nilikuwa nimeshaupaka rangi. Hata kusema kwako ningekusamehe, ulikuwa unajisifu tu, unapenda kujisifu. Lakini ulicheka."

"Ule ni utani, mama. Ungetaka ninune mbele za watu?"

"Ndiyo," akasema. "Ningetaka ununue ugomvi. Ningetaka unune."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Muhula mpya akaanza kidato cha tatu. Historia, jiografia, uraia. Anasoma, siwezi kusema hasomi, anasoma kwa bidii ileile. Anapika, ananisalimia asubuhi, ananiwekea maji ya kuoga. Adabu yake haina tundu. Lakini akirudi shuleni haniambii tena walichofundishwa, nami nimeacha kuwatajia majirani habari ya uuguzi. Wakiniuliza nasema bado anasoma.

Juzijuzi alirudi na ujumbe. Akaweka begi, akasema akiwa ameangalia pembeni, "Mwalimu wa baiolojia anakusalimu. Anaomba umtengenezee seli ya mnyama kwa ajili ya kidato cha kwanza. Ile nyingine anasema inawachanganya."

"Mwambie udongo umekwisha bondeni."

"Haujaisha."

"Mwambie nimekufa."

"Tutengeneze, Bibi. Kidato cha kwanza hawajakukosea kitu."

Nikaukanda udongo. Akaufinyanga yeye. Aliuvuta ukingo mwembamba kama mara ya kwanza, vidole vyake havikuwa vimesahau. Alipomaliza hakuiacha uani. Aliifunika kwa kitambaa chenye unyevu akaichukua mpaka chumbani kwake, akaisukuma uvunguni, akafunga mlango. Kila asubuhi alilowesha kitambaa, akageuza sahani, akafunga mlango tena ndipo akaenda shule. Sikuuliza. Siku ya kuchoma aliiweka motoni mwenyewe, katikati ya vyungu vyangu, akakaa karibu na moshi mpaka macho yakawa mekundu.

Ilitoka nzima. Ukingo wote, bila ufa hata mmoja. Vyungu vyangu viwili vilipasuka siku hiyo, vyenye midomo minene.

Alisubiri ipoe, akaipangusa majivu, akaifunga kwenye kanga yake ya zamani, asubuhi akaondoka nayo. Jioni aliporudi nilikuwa nimekaa mlangoni namngoja, nilijifanya natoa mawe kwenye mchele.

"Amesemaje?"

"Amesema asante. Amesema hii ndiyo sahihi."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia shikamoo mwalimu, nikaenda darasani. Tulikuwa na kipindi cha historia."